Matusi ya Mapacha

Nikiulizwa habari za nyumbani nasema nzuri. Za kazi? Nzuri. Za kanisani? Tunamshukuru Mungu. Mtu wa umri wangu akianza kujibu kweli, aliyemuuliza ataachwa na gari. Lakini leo mashine imezimwa kwa kukosa mkanda, chai iko mkononi, hakuna anayenisubiri, kwa hiyo nitajibu kweli: nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nimechoka mifupa, nimechoka masikio, na mwaka huu nimechoka hata kule ambako watu wengine huenda kupumzika, yaani kanisani.

Mimi ni fundi wa karasha huku Rwamgasa. Karasha ni mashine ya kusaga mawe yanayotolewa kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yasagike yawe unga, watu wauoshe watafute dhahabu yao. Dhahabu mimi sitafuti. Nabadilisha beringi, nachomelea, nafunga mikanda, nagombana na vijana wanaoilisha mashine mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe halafu wanashangaa imekwama. "Mzee, imegoma yenyewe!" Yenyewe! Kwani ina mke imegombana naye? Vumbi la huku halina adabu. Linaingia puani, linaingia kwenye ugali, linaingia kwenye Biblia. Nikianza kukohoa asubuhi, jirani wa chumba cha pili anajua muda wa kwenda kazini umefika.

Familia yangu iko Ibadakuli, kule Shinyanga, jirani na uwanja wa ndege. Nikipata mwanya naenda. Nafika nimechoka, mke wangu naye amechoka, tunasalimiana, tunakula, tunapeana habari za bati linalovuja na za watoto. Jumapili navaa suti ile ile ya miaka yote, naenda kukaa mbele na wazee wenzangu wa kanisa. Ikiwa ni siku ya Meza ya Bwana, mimi ndiye niliyekuwa napitisha vikombe upande wa kushoto. Nasema niliyekuwa kwa sababu sipitishi tena.

Chanzo chake ni neema, nisije nikaonekana nalalamikia neema. Binti yetu mkubwa ameolewa Kahama, wanakaa Nyasubi, mume wake anauza vipuri vya pikipiki sokoni. Walikaa muda mrefu bila mtoto, mpaka mke wangu akawa anafunga na kuomba kila Ijumaa. Mungu alipojibu, akajibu mara mbili: mapacha, wa kiume wote. Mkubwa alitoka analia kama anadai haki yake. Mdogo alitoka kimya, kadogo, mapaja kama vidole vyangu. Hospitalini wakahangaika naye vizuri, daktari akatuambia wazi kwamba amezaliwa na uzito mdogo sana, mapafu hayajakomaa, tumwangalie kwa makini.

Nikafurahi, nikaogopa. Nikampigia simu mama yangu kijijini. Mama ni mzee sasa, lakini kwa habari ya mtoto huwa hana uzee. Mtoto wa ukoo akizaliwa yeye ndiye wa kwanza kufunga kibwebwe. Safari hii sikusikia kigelegele. Alisema tu, "Wawili?" Nikasema, "Wawili, mayu," maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Akasema, "Haya," akakata simu.

Wiki zikapita, mama hakuja. Binti yangu akawa ananipigia analia. "Baba, bibi amenikasirikia nini? Mama wa jirani amekuja, mpaka muuza mboga amekuja, bibi yangu hataki hata kuwaona watoto." Nikaona niende mwenyewe.

Nilimkuta uani anakatakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikamsalimia kwa Kisukuma, wangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, akaitikia, akanisukumia kigoda. Nikamwambia nimekuja kumchukua, mjukuu wake anamlilia. Akaendelea kukata viazi.

"Siwezi kuwashika wale watoto," akasema. "Hawajachezewa."

Mtu asiye Msukuma nimweleze. Mapacha kwetu siyo watoto wa hivi hivi. Zamani, na wengine mpaka leo, wakizaliwa lazima wachezewe ngoma yao. Wanakuja wanawake waliowahi kuzaa mapacha, wanawamwagia wazazi maji yenye majani, wanawapaka unga mweupe, na wanatukana. Ndiyo, wanatukana! Wanaimba matusi mazito, wanamtukana baba wa watoto, mama wa watoto, babu, bibi, mkwe, kila mtu na maumbile yake, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Bila hayo, wazee wanasema, mapacha hawatulii duniani. Kanisa letu linasema hayo ni mambo ya giza, na anayeyashiriki anawekwa chini ya nidhamu. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kamati iliyowaweka watu chini ya nidhamu kwa ngoma hiyo hiyo.

Nikamwambia, "Mayu, wewe umeokoka kabla mimi sijazaliwa. Ulitulea na nyimbo za injili. Leo ngoma imetoka wapi?"

Akaweka kisu chini. "Ng'wanone," akasema, ndiyo kusema mwanangu, "wewe unajua ulizaliwa na mwenzako."

Nilijua. Katika ukoo wetu hilo lilikuwa linajulikana kama vile inavyojulikana kwamba zamani tulikuwa na ng'ombe wengi. Pacha wangu alikufa mdogo. Basi. Sikuwahi kuuliza zaidi.

"Mama yangu alikuja na wenzake kuwachezea," mama akaendelea. "Mchungaji wa wakati ule akaniambia, ukiwaruhusu umemkana Yesu. Nikawafukuza. Nikamfukuza mama yangu mzazi, mlangoni kwangu, na unga wake na majani yake. Mwenzako akafa hajaota hata jino. Mama yangu hakuninyooshea kidole, yaya, hapana, hata siku moja. Alininyamazia tu mpaka akafa. Na mimi mpaka leo nikikupakulia chakula, mkono unataka kupakua mara mbili." Akachukua kisu tena. "Wawili hawa sitawagusa hivi hivi. Nikiwagusa nitamuua huyo mdogo kama nilivyomuua yule."

Jamani. Nina nywele nyeupe, nina wajukuu, na hilo sikuwa nalijua. Miaka yote hiyo alikuwa anaimba kwaya, anafagia kanisa, anawatembelea wagonjwa, na kumbe ndani anajiita muuaji. Nilimwambia Mungu ndiye anayetoa na kutwaa. Akasema anajua, aya hiyo anaijua kuliko mimi.

Nilirudi Ibadakuli nikamweleza mke wangu. Yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani, na ana mdomo ambao Mungu aliupa kazi nyingi. "Wewe ni mzee wa kanisa," akasema, "siyo mzee wa ngoma. Tumeomba miaka yote tukapata, leo tumshukuru Mungu kwa matusi?" Nikamwambia mama anazeeka, na atakufa bila kuwashika. Akasema, "Na wewe utakufa bila kushika kikombe." Tukalala tumepeana migongo kama vitabu vya dukani.

Nimewaza sana kwa nini nilikubali. Siamini kwamba unga wa mtama unaweza kumzuia mtoto asife. Lakini nilimwona mama akikata vile viazi, nikajua hakuna mahubiri yatakayomfungua, na mimi ni mtoto wake, yule aliyebaki. Nikaona heri mimi nikose kikombe kuliko yeye awakose wale watoto. Mkwe wangu nilipomuuliza, maana watoto ni wa kwao, aliinamisha kichwa kwa adabu akasema, "Baba, mimi nipo tu." Na binti yangu hakuuliza ni nini kitafanyika. Alisema tu, "Bibi aje."

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikapanga ngoma ifanyike Nyasubi, Kahama, mbali na Ibadakuli, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Nikasema tufanye asubuhi, siku ya kazi, kwa haraka, na kwa sauti ndogo. Sauti ndogo! Ni nani aliwahi kusikia ngoma ya mapacha ya sauti ndogo? Hiyo ni ngoma ambayo usiposikiwa na jirani hujacheza. Mama alikuja na wanawake watatu wa kijijini, vikongwe wenye magoti mabovu, nami nikajidanganya kwamba vikongwe hawa watapumua tu halafu waondoke.

Weee! Walipofika mlangoni wale bibi, magoti yakapona. Wa kwanza akapiga kigelegele kilichowatoa watu dukani. Tukasimamishwa nje mlangoni, binti yangu na mumewe na mimi, tukamwagiwa maji ya baridi, tukapakwa unga mpaka nyusi. Kisha wakaanza. Mkwe wangu, kijana mpole yule, akaelezwa mambo ya mwili wake ambayo nadhani hata yeye alikuwa hayajui. Mimi nikaambiwa nina masikio kama chapati zilizosahaulika jikoni, na kwamba natembea kama bata aliyekalia mayai ya jirani. Mengine siwezi kuyaandika, mchungaji anaweza kusoma. Na anayeongoza ni nani? Mama yangu! Mama niliyemjua na kitabu cha nyimbo kwapani, anarusha miguu, anamtukana mwanawe wa kumzaa mbele ya soko zima la Nyasubi, sauti imetoka kama ya msichana.

Nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilianzia tumboni kikapanda, nikashika ukuta, machozi yakachora mistari kwenye unga. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo. Labda sikuwahi.

Walipomaliza, mama akanawa mikono, akaingia ndani, akaketi kwenye mkeka akanyoosha miguu, akasema, "Nipeni." Wakampa wote wawili. Mdogo akamweka kifuani ndani ya khanga, ngozi kwa ngozi, kama walivyofundisha hospitalini, ingawa yeye hakufundishwa na mtu. Binti yangu akalala usingizi pale pale kwenye kochi, wa kwanza tangu ajifungue. Mama hakurudi kijijini. Alihamia.

Sasa, dunia ya siku hizi kila mtu ana simu, na mimi nilisahau. Kuna jirani aliturekodi. Akamtumia dada yake, dada akamtumia mwenzake wa kwaya, na kabla sijafika Rwamgasa picha imeshaingia kwenye kundi la wazazi la kanisa letu. Mke wangu ndiye aliyenipigia. "Hongera," akasema. "Umependeza na unga."

Kamati iliitwa. Nikakaa kwenye kiti ambacho huwa tunamkalisha mtuhumiwa, na kwa mara ya kwanza nikagundua kina mguu mmoja mfupi. Mchungaji wetu ni kijana, ananiheshimu, huniita mzee wangu. Akaweka simu katikati ya meza, akabonyeza. Chumba kikajaa sauti ya mama yangu na habari za masikio yangu. Mzee mmoja akashikwa na kikohozi. Mwingine aliinamia Biblia yake, mabega yanamtikisika, sidhani alikuwa anaomba. Hao wote wamelelewa na mama wa Kisukuma, nyimbo hizo wanazijua beti kwa beti.

Mchungaji akazima. "Mzee wangu," akasema kwa huzuni ya kweli, "unga ungeweza kusema ulipakwa tu. Lakini mbona unacheka?"

"Mchungaji," nikamwambia, "ungeambiwa wewe hayo ungefanyaje?"

Sikupaswa kujibu hivyo. Waliniuliza kama ninatubu. Nikajaribu kuwaeleza habari za mama, nikaishia njiani, maana ilikuwa siri yake na siyo yangu. Nikasema natubu kwa kuwakwaza, lakini kwa kumpa mama yangu vitukuu wake sitatubu. Wakaniweka chini ya nidhamu: sipitishi vikombe, sinywi, sikai mbele, mpaka kamati itakapoona vingine. Siwalaumu. Kanuni hiyo niliinyooshea mkono mwenyewe ilipopitishwa.

Jumapili iliyofuata nikakaa benchi la mwisho, kule wanakokaa watu wanaochelewa na akina mama wenye watoto wasumbufu. Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma kuliko nilivyotarajia. Kikombe kinapita mbele yako, mtu uliyemfundisha namna ya kukishika anaangalia pembeni ili asikuaibishe. Mke wangu alikuwa mbele na akina mama wake, shingo imenyooka. Kabla ya wimbo wa pili akainuka, akatembea kanisa zima na sare yake, akasimama juu yangu. "Sogea," akasema. Nikasogea. Hakuniongelesha mpaka tulipofika nyumbani, lakini alisogea karibu.

Na mdogo akawa anaongezeka. Mama alikuwa ananipigia mwenyewe: leo amenyonya vizuri, leo ameshika kidole changu hataki kuachia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nyepesi, ya utani. Nikawa nachomelea huku naimba. Vijana wakasema mzee amepata duara lenye dhahabu.

Simu ilikuja mchana, nikiwa chini ya mashine. Alikuwa mkwe wangu. "Shikamoo, baba." Nikajua papo hapo, kwa jinsi alivyoivuta ile shikamoo. Nikasema, "Marahaba. Sema tu, mwanangu." Akasema, "Mdogo ametuacha. Alibanwa na kifua asubuhi, tumemkimbiza hospitali, wamejitahidi, baba, wamejitahidi sana."

Nilitoka chini ya karasha, nikakaa juu ya gunia la mawe. Wakazima mashine bila mimi kuwaambia. Halafu nikapanda gari.

Njia nzima nilikuwa na hasira. Namkasirikia nani? Wote. Vikongwe na majani yao, kamati na kanuni zake, mimi na ujanja wangu. Nimetoa nafasi yangu kanisani, nimetoa kikombe, na mtoto amekufa. Lakini zaidi nilimwogopa mama. Nilijua wazee wetu: ngoma ikishindwa hawasemi ngoma imeshindwa, wanasema kuna kitu kilisahaulika. Atasema unga haukutosha. Atasema tulifanya kwa haraka, tulifanya ugenini, mimi nilicheka. Na atajiongezea mtoto wa pili juu ya yule wa kwanza, na mzigo huo utampeleka kaburini. Nilikuwa naomba, mimi niliyetengwa, naomba Mungu amzibe mama yangu mdomo.

Tulimzika kwao na mkwe wangu, nje kidogo ya mji. Mchungaji wetu alikuja kutoka Ibadakuli kwa pikipiki, akanishika mkono, hakusema habari za nidhamu wala za ngoma, nami nikamshukuru kimoyomoyo. Vikongwe wale watatu walikuja pia, wakawaambia akina mama kwamba pacha haliliwi, akililiwa humvuta mwenzake. Basi msiba ukawa kimya kabisa, msiba wa ajabu, watu wanameza mate. Binti yangu alikuwa ameuma khanga yake kwa meno.

Baada ya maziko mama akaniita kwa mkono. Alikuwa nyuma ya nyumba peke yake, amekaa kwenye mkeka kivulini, ameegemea ukuta. Nikaketi mbele yake nikasubiri.

"Tulifanya yote?" akauliza.

"Tulifanya, mayu."

"Majani yalikuwa yale yenyewe. Niliyachuma mwenyewe."

"Ndiyo."

"Unga tulipaka. Matusi tuliimba, hatukubakiza hata moja. Kuna tulichosahau?"

"Hakuna, mayu. Mlifanya yote."

"Na bado amekwenda."

"Amekwenda, mayu."

Akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akaangalia pembeni yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Basi siyo mimi niliyemuua mwenzako," akasema.

Akajifunika uso na ncha ya khanga, akalia kwa sauti, kilio cha mama aliyefiwa leo asubuhi. Vikongwe wakaja mbio kona ya nyumba, wamemnyooshea mikono, anyamaze, anamlilia pacha, atamvuta aliyebaki. Nikasimama nikawazuia. Nikawaambia mwacheni, huyu anayemlilia ni wa kwake. Ndani, binti yangu alikuwa anamnyonyesha mkubwa na machozi yanamwingia mdomoni, na mimi babu yao nimesimama uani siku ya kumzika mjukuu wangu, nafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.